Udongo wa Thurlesby

Kengele ililia kwanza. Ng'oo. Ng'oo. Ya tatu ikatoka na mkwaruzo, kama sufuria iliyopasuka ubavuni ikigongwa na mwiko. Macho yangu yalikuwa bado yamefumba. Katikati ya milio hiyo mtu akakohoa, kisha sauti ya mwanamume, nzito, sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka mbali, ikasema kwa lugha ya kwetu: "Nanjala mwanangu, ukisikia hii kengele ujue ni mimi ninayeivuta."

Nikafumbua macho. Kukhu, nyanya yangu, alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, simu yangu imelala kifuani pake kama mtoto anayebembelezwa. Nje mtaa wetu wa Satellite ulikuwa umeamka zamani. Mikokoteni ya maji ilikuwa ikigongana mlangoni, na harufu ya mandazi ilikuwa imeshapita chini ya mlango.

"Kukhu, umeiba simu tena."

"Nimeiba baba yangu," akasema. "Kwani wewe unataka kupigia nani saa hii? Uko na msichana?"

"Niko nao wengi."

"Muongo. Na vile unanuka vanishi."

Alisema kweli. Mimi ni Quincy, mwandishi wa misalaba. Kazi yangu iko Dagoretti Corner, kwenye karakana ya majeneza ya Mzee Ndambuki, na hakuna mtu kutoka Ngong Road yote hadi Kinoo anayepaka herufi safi kuliko mimi. Nasema hivyo bila aibu. Wengine huandika "Alizaliwa" na "Alilala" wakamaliza. Mimi familia ikiniruhusu huweka mistari miwili ya shairi, yenye vina na mizani, nilivyojifunza peke yangu kwa kuhesabu silabi vidoleni. Nimewaandikia wafu wa watu wengi. Wa kwetu mmoja alikuwa hajaandikwa popote.

Huyo ndiye aliyekuwa akiongea kwenye simu. Shem, babake Kukhu.

Shem alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Kitale. Uhuru ulipokaribia, mzungu akauza kila kitu akarudi kwao, akamchukua mpishi wake kama mtu anavyochukua kiti alichokizoea. Miaka ikapita bila neno. Shem hakujua kuandika, na mzungu hakujishughulisha kumwandikia. Sasa, kwetu Matungu mtu akipotea namna hiyo haachwi akining'inia kati ya wazima na wafu. Wesonga, mdogo wake, akauita ukoo. Wakakata mgomba wenye urefu wa mwanamume, wakauvika shuka, wakaulilia, wakauzika nyuma ya nyumba. Nanjala, mtoto wake wa pekee, akanyolewa nywele. Wesonga akachukua shamba.

Halafu ikaja kaseti.

Ililetwa na mwanafunzi aliyekuwa ametoka kusoma Uingereza. Shem alikuwa hai. Alikuwa amezeeka kidogo, mzungu wake alikuwa amekufa, na yeye alikuwa akivuta kengele katika kanisa la kijiji. Alitaka kurudi nyumbani. Ukoo ukakaa kikao. Wakasema mtu aliyekwisha kuzikwa haingii tena kwa lango, akiingia kifo kitatafuta mwingine wa kujaza lile kaburi. Kukhu anasema dawa ilikuwepo na kila mtu aliijua: kondoo mmoja achinjwe, mgomba ufukuliwe, mtu aingie. Lakini kuufukua mgomba kulikuwa ni kulifukua shamba, na Wesonga alikuwa ameshapanda miwa hadi mtoni. Wakaazima redio ya mwalimu, wakarekodi jibu: kaa huko huko, sisi tumekuzika. Kukhu alipofungua mdomo aseme neno kwa babake, Wesonga akamziba kwa kiganja.

"Mkono wake ulinuka tumbaku," huniambia. "Mpaka leo nikipita mahali kuna tumbaku, ulimi unakauka."

Basi huyo ndiye Kukhu wangu, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Figo zake zilikuwa zimekataa kazi. Daktari alitutuma nyumbani kwa maneno laini, na maneno laini ya daktari nayajua, maana watu huyabeba moja kwa moja mpaka karakana yetu. Kukhu hakuogopa kufa. Aliogopa kitu kimoja, na alikirudia kila siku bila kubadilisha neno:

"Mimi nitazikwa nyuma ya ile nyumba. Sikatai. Lakini usinilaze karibu na mgomba unaoitwa baba yangu. Leta udongo wa mahali amelala. Utoe mgomba, uweke udongo. Yeye aingie kwanza, halafu mimi."

Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua amelala wapi. Yule mwanafunzi, aliyerudi na jibu letu, alikuwa amekufa zamani. Kwenye kaseti Shem hakutaja kijiji. Alisema "hapa" na "kanisani" na "kwao Bwana". Tulichokuwa nacho ni kengele tu nyuma ya sauti yake.

Fundi wa redio wa barabara ya Luthuli, mjini, aliihamishia kaseti kwenye simu yangu. Nami nikagundua jambo ambalo hata sasa linanishangaza: Uingereza kuna watu ambao starehe yao ni kengele za makanisa. Wanazijua kama mchungaji anavyowajua ng'ombe wake kwa mlio. Niliwapelekea ule mlio wa tatu, wenye mkwaruzo, mtandaoni. Wakabishana, wakatukanana kwa adabu, mpaka mmoja akaandika: hiyo ni Thurlesby. Hakuna nyingine iliyopasuka hivyo ikaachwa ikilia.

Thurlesby ina ukurasa wa historia, ulioandikwa na mama mmoja anayeitwa Enid. Niliusoma wote, kisha nikamtafsiria Kukhu jioni baada ya jioni, naye akiwa amejifunika shuka mpaka kidevuni.

Kanisa lao lilijengwa kwa mawe ya mtoni, zamani ambapo hata wafalme wa Uingereza walizungumza Kifaransa. Kijiji kilikuwa kimelizunguka. Ikaja tauni, ikafagia karibu kila nyumba, na waliobaki wakachoma vibanda vyao, wakahamia juu ya kilima. Kanisa likabaki peke yake bondeni na kondoo. Ndiyo sababu kengele zake ni kubwa kuliko kanisa lenyewe: zilipaswa kufika kilimani. Kulikuwa na mchungaji aliyefuga nyuki ndani ya mimbari, akahubiri kwa upole maisha yake yote kwa kuogopa kuwaamsha. Kulikuwa na mafuriko yaliyobeba viti. Kulikuwa na farasi, jina lake Kapteni, aliyevuta mawe ya kutengeneza mnara ulipoanguka, akafa kwa kazi hiyo, akawekewa kibao ukutani. Na kengele ya tatu ilipasuka asubuhi ya barafu kali, wanakijiji wakakataa isiyeyushwe, kwa sababu babu zao waliizoea.

Kukhu aliinua mkono. "Ngoja. Farasi ako na jina?"

"Ako na kibao, Kukhu."

"Na baba yangu?"

Nilisoma mpaka chini. Wapishi hawakuwepo. Mwafrika hakuwepo. Nyuki walikuwepo.

"Soma tena," akasema. "Pengine umeruka."

Sikuwa nimeruka. Damu ilinichemka. Nikamwandikia Enid hapo hapo, na sikuandika kama mwombaji. Nilimwambia historia yake ni nzuri lakini ina shimo lenye ukubwa wa mtu, na kwamba mtu huyo anaitwa Shem, na binti yake yuko hapa Nairobi anakufa akiulizia farasi.

Alinipigia siku iliyofuata, kwa video, nikiwa kazini na brashi mdomoni. Mama mwenye nywele nyeupe, nyuma yake dirisha na mvua. Alikuwa ameshaanza kulia kabla sijamsalimu.

"Shem ndiye aliyenifundisha kuvuta kamba," akasema. "Nilikuwa mtoto. Alinisimamisha juu ya sanduku ili nifike."

"Mbona hujamwandika?"

Akasema, "Nilidhani hana watu. Alituambia kwao wamemzika. Alisema akicheka. Sisi tulifikiri ni utani wa kwenu."

Mzee Ndambuki, aliyekuwa akipiga randa nyuma yangu, akaacha.

Jioni hiyo nilimpigia Enid tena nikiwa kando ya kitanda, nikawa mkalimani. Akatueleza desturi yao. Huko mtu akifariki, kengele hugongwa mlio mmoja kwa kila mwaka alioishi, hivyo watu wa kilimani husikia, huhesabu, na hujua ni nani kabla hawajaambiwa. Alipofariki Shem hakuna aliyejua miaka yake. Mchungaji akauliza tugonge mara ngapi. Babake Enid akasema, wewe gonga tu. Wakagonga. Wakapokezana kamba, kila mmoja akiona haya kuwa yule wa kuacha. Watu wa kilimani waliohesabu wakapotea njiani. Wengine waliteremka bondeni mbio kuuliza kama vita vimeanza.

Kukhu alicheka mpaka akakohoa. "Baba yangu aliwasumbua," akasema. "Vizuri." Kisha akavuta shuka usoni, na chini ya shuka hakukuwa na kicheko tena.

Habari nyingine Enid aliisema kwa sauti ya chini. Kanisa limeuzwa. Wanakijiji wamebaki wachache na wazee, mnara unavuja, na mnunuzi atalifanya nyumba ya kuishi. Upande wa kaskazini, walikozikwa wageni na maskini, utasawazishwa uwe mahali pa kuegesha magari. Makaburi yenye mawe yatahamishwa. Kaburi la Shem halikuwa na jiwe. Lilikuwa na msalaba wa mti, ukaoza.

"Mti gani?" nikauliza.

"Sijui. Msonobari, nadhani."

"Msonobari kwenye udongo wa maji, bila dawa," nikasema. "Hata mwanafunzi wangu hawezi kufanya kosa hilo."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilitaka kumkasirikia mtu, na alikuwa ndiye aliye karibu. Enid hakujitetea. Alisema bado anapajua mahali penyewe, karibu na kichaka chenye miiba na matunda mekundu, na kwamba kesho asubuhi atakwenda na kijiko. Akafanya hivyo. Alinitumia picha: chupa ya jamu, na ndani yake udongo mweusi. Akaituma kwa posta, imefungwa kwa soksi ya sufu isivunjike.

Si yeye wala mimi aliyefikiria sheria.

Kusubiri kulitumaliza. Kukhu alivimba miguu, kisha mikono, kisha macho. Chakula kilimshinda. Awuor, jirani yetu anayeshona nguo za shule, alihamishia cherehani yake mlangoni kwetu ili amtazame nikiwa kazini. Walitaniana siku nzima, Mluhya na Mjaluo.

"Mama, kunywa uji. Ama unataka nikuletee samaki uone vile watu hukula?"

"Samaki yenu iko na mifupa kama maneno yenu."

Lakini kila nilipoingia, Kukhu aliangalia mikono yangu kabla ya uso. Nilipoingia na mikate aliangalia mikate. Nilipoingia mikono mitupu aliangalia ukuta.

Kisha nikapigiwa simu kutoka ofisi moja mjini inayoshughulika na vifurushi vya nje. Niende, kuna jambo la kuelewana. Siku hiyo Kukhu hakuwa ameamka vizuri. Alipumua kama mtu anayepanda ngazi. Awuor akanisukuma nje: "Enda, enda! Ukikaa hapa utamsaidia na nini, mashairi?"

Ofisi ilikuwa ghorofani, na nyuma ya kaunta alikuwa mama wa makamo aliyejitanda mtandio wa kijani, kitambulisho chake kimeandikwa Saleha. Alikuwa na Kiswahili cha Pwani, kile ambacho sisi wa Nairobi tukikisikia hukaa wima. Chupa ilikuwa mbele yake, nje ya soksi.

"Karibu, mwanangu. Hiki kifurushi ni chako?"

"Ni changu."

"Ni udongo."

"Ni udongo."

"Udongo wa nchi nyingine hauingii bila kibali. Una vijidudu, una magonjwa ya mimea. Mahindi ya watu wote yanaweza kuangamia kwa kijiko kimoja. Huu hauwezi kutoka hapa. Utachomwa."

Nilimweleza. Nilijaribu kueleza kwa utaratibu, lakini kila nilipoanza na Shem nilijikuta kwa mgomba, na nilipoanza na mgomba nilijikuta kwa farasi. Watu kwenye foleni walianza kusikiliza. Mmoja akasema, "Buda, yaani mlizika ndizi?" Wengine wakacheka. Nikageuka nikamwambia kama anataka kujua nani atazikwa leo anifuate nje. Askari wa mlangoni akasogea.

Bi Saleha hakucheka. "Kibali kinaweza kuombwa," akasema. "Lakini huombwa kabla, si baada. Na huchukua muda."

"Muda ndio sina. Anakufa leo."

"Mwanangu, nami nimezika mama. Najua. Lakini sheria haina udongo wa baba ya mtu na udongo wa shamba. Yote ni udongo."

Hapo ndipo nilipopandwa na moto. Nikamwambia kama yote ni udongo, basi yeye na sheria yake ni udongo uliovaa mtandio. Nikasema mengine ambayo siyarudii, kwa vina, maana hasira yangu hutoka na vina nipende nisipende. Nikaona uso wake ukifungwa. Lilikuwa limebaki tundu dogo kwenye lile jambo, nami nikalipiga teke likazibika. Akavuta chupa kwake, akafungua kifuniko na kuchota kidogo kwa kijiti, sampuli ya kupima kabla ya kuchoma. Ikanifikia harufu. Ilikuwa harufu ya majani yaliyooza na mvua ya zamani.

Sikufikiri. Nilipitisha mkono juu ya kaunta, nikautumbukiza chupani, nikafumba vidole.

Askari alinikamata shingoni. Mtu akapiga kelele, chupa ikalala ikibingirika kwenye kaunta. Nikavutwa kinyumenyume hadi mlangoni, mkono wangu wa kulia umefumbwa tumboni. Nikamtazama Bi Saleha nikingoja aseme neno moja tu: mkono. Aliiona ngumi yangu. Aliitazama vizuri. Kisha akainama chini ya kaunta.

"Kifuniko kimeangukia wapi?" akasema. "Mtoe nje huyo, asirudi."

Nikajikuta barabarani, watu wakinipita pande zote, na ngumi.

Ilinibidi niamue. Kiganja changu kilikuwa kinatoa jasho, na nilihisi udongo ukigeuka tope na kutafuta njia kati ya vidole. Nikasema sifungui hapa. Upepo wa mjini huchukua hata kofia. Sikupanda gari, kwa kuogopa kusukumwa na kushikilia vyuma. Nikatembea. Nikatoka katikati ya mji, nikavuka barabara kuu kule ambako hakuna anayesimama kwa ajili yako, nikapanda Ngong Road, ngumi kifuani kama mtu anayeimba wimbo wa taifa.

Njiani simu ililia. Ilikuwa mfuko wa kulia, nami nikaipigania kwa mkono wa kushoto mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Nilipoitoa ikaniponyoka ikaanguka, nikapiga magoti kwenye vumbi, nikaipokea na kuiwekea sikio pale chini.

"Uko wapi?" Awuor alikuwa analia. "Anakuita. Anasema umepata ama hujapata. Quincy, njoo tu, hata kama hujapata."

Halafu mvua. Mvua ile ya Nairobi isiyobisha hodi. Nikavua shati, nikaizungushia ngumi, nikakimbia kifua wazi. Watu walinipisha, wakidhani mimi ni mwizi, au kichaa, au vyote.

Pale Dagoretti Corner nilipita mbele ya karakana. Mzee Ndambuki alikuwa amesimama mlangoni chini ya mabati, randa mkononi.

"We kijana! Umepigana na nani tena?"

"Na serikali."

"Mkono umekatika? Nikutolee jeneza la vidole?"

"Ni babu," nikasema, nikiinua shati. "Nimembeba."

Uso wake ukabadilika. Alikumbuka ile simu ya Enid. Hakuuliza zaidi. Aliingia ndani, akatoka na msalaba wa mvule, uliopigwa randa na kupakwa dawa miguuni, bila jina. Akanining'inizia begani kwa kamba. "Huu hauozi," akasema. "Jina utaandika mwenyewe. Kimbia."

Nikakimbia hadi Satellite na msalaba ukinigonga mgongoni.

Awuor alikuwa amesimamisha cherehani. Alinitazama, kifua wazi, maji yanachuruzika, msalaba begani, akaweka mkono mdomoni. Kukhu alikuwa amelala ubavu. Macho yake yalikuwa yamevimba karibu yafungike, lakini yaliteremka moja kwa moja kwenye mikono yangu.

Nikapiga magoti. Nikafungua shati. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, Awuor akanisaidia kuvinyoosha kimoja kimoja.

Mungu wangu. Nilitarajia gao, kiganja kizima. Kulikuwa na tope jembamba tu kwenye mistari ya kiganja, jeusi, na weusi mwingine chini ya kucha, na kijizizi kimoja kidogo cheupe kama uzi. Basi. Huo ndio wote uliobaki wa upande wa kaskazini wa Thurlesby.

"Ni kidogo, Kukhu," nikasema. "Wamechukua. Walisema watauchoma. Mimi niliwatusi, Kukhu, pengine ningeongea vizuri..."

"Nyamaza. Leta hapa."

Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili iliyovimba, akauvuta hadi puani. Akavuta pumzi. Akakaa nayo ndani muda mrefu kiasi kwamba Awuor akaanza kusogea. Kisha akaitoa.

"Baridi," akasema. "Alikaa mahali pa baridi."

"Ndiyo."

"Usinawe."

"Sinawi."

"Weka kengele."

Awuor akaiwasha simu. Ng'oo. Ng'oo. Ule wa tatu wenye ufa. Nanjala mwanangu. Kukhu alisikiliza macho yakiwa yamefumba, midomo ikienda pamoja na maneno. Nikachukua kibati cha mafuta ya kujipaka kilichokwisha, Awuor akakifuta kwa khanga yake, tukakwangua kiganja na kucha kwa ncha ya sindano, tukatia na kile kijizizi, tukafunika. Kilijaa chini tu. Unaweza kukifunika kwa kidole gumba.

"Wana wa Wesonga watakataa," Kukhu akasema. "Watasema umeleta uchawi. Wamejenga mpaka karibu na ule mgomba. Watakuja na panga."

"Waje."

"Usinijibu kama shairi. Nijibu kama mtu. Mimi sitakuwa hapo kukusaidia. Mimi nitakuwa kwa sanduku. Wewe peke yako utasimama na jembe." Alipumua, akapumzika, akapumua tena. "Wesonga aliniziba mdomo, mimi nikanyamaza mpaka baba akafa. Sasa sema, na Awuor asikie. Sema kwa nguvu, mpaka wale wa plot wasikie."

Nikasimama. Mvua ilikuwa ikipiga mabati, kwa hiyo ilibidi nipaze sauti kweli. Mlango ulikuwa wazi, na majirani waliojikinga kwenye ukumbi waligeuka. Nikaweka mkono wangu mchafu kichwani pake, kwenye nywele zile zilizowahi kunyolewa kwa ajili ya mgomba.

"Kukhu Nanjala, binti wa Shem. Kabla hujateremshwa, nitaufukua ule mgomba mimi mwenyewe, mchana, watu wote wakitazama. Wakija na panga wataanza na mimi. Nitamweka Shem pale, huyu aliye kwenye kibati, na nitasimamisha msalaba wake wa mvule juu yake, na nitauandika: Toka we mgomba toka, mwenyewe amewasili. Kengele imeitika, jina lake ni la kweli. Nitawasimulia habari za kijiji chake chote, tauni na nyuki na farasi, ili wajue alikokaa walipomfungia lango. Kisha nitakwenda kwa ile ringi ya lori wanayoigonga kama kengele kanisani kwetu, na kwa kuwa hakuna anayejua miaka yake, sitahesabu. Nitaigonga mpaka mkono huu ushindwe, halafu nitashika kwa ule mwingine. Na hapo ndipo utakapoingia wewe, Kukhu. Sio kabla. Nimekuapia."